Mume hapimwi: kromosomu ya 47 na ndoa zinazosubiri mtoto

Ndoa ikifika mwaka wa tatu bila mtoto, maswali huanza, na yote huelekezwa upande mmoja. Mama mkwe huuliza kwa upole, kisha kwa ukali. Mawifi hunong'onezana. Mke hupelekwa hospitali, hupigwa picha ya mirija ya uzazi, humeza vidonge vya kupevusha mayai, huandikiwa kombe, hupelekwa kwa mganga anayesifiwa wilaya ya tatu kutoka kwao. Muda wote huo mume hajavua hata shati mbele ya daktari. Ukoo ukichoka kusubiri, dawa inayopendekezwa ni mke wa pili, naye baada ya miaka miwili huanza kuulizwa maswali yale yale.

Katika takriban nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, tatizo liko kwa mume au mume analo fungu lake. Sababu ni nyingi: maambukizi ya zamani, korodani ambazo hazikushuka utotoni, mishipa iliyovimba. Lakini ukiwakusanya wanaume ambao shahawa zao hazina mbegu hata moja, utakuta takriban 1 kati ya 10 alizaliwa na kromosomu moja ya ziada. Wanaume wengine wana X moja na Y moja, jumla ya kromosomu 46. Yeye ana X mbili na Y moja, jumla 47. Madaktari huita hali hii Klinefelter, au kwa ufupi XXY. Hakuna hitilafu ya kromosomu za jinsia inayowapata wanaume wengi kuliko hii, na wengi walio nayo wataishi na kufa bila kuijua.

Jina lenyewe ni la Harry Klinefelter, daktari kijana wa Baltimore aliyekwenda Boston kujifunza mambo ya homoni kwa bingwa Fuller Albright katika hospitali ya Massachusetts General. Mwaka 1942 yeye, Albright na mwenzao Edward Reifenstein walichapisha habari za wanaume 9 waliofanana kwa namna ya kushangaza. Walikuwa wameota matiti, korodani zao zilikuwa ndogo, hawakuwa na mbegu, na mkojo wao ulijaa homoni ambayo tezi iliyo chini ya ubongo huitoa ili kuzihimiza korodani zifanye kazi. Tezi ilikuwa inapiga kelele, korodani haziitikii. Albright alimwachia kijana nafasi ya kwanza kwenye orodha ya waandishi, na Klinefelter baadaye alisema wazi kwamba kwa haki ugonjwa ule ulikuwa wa mwalimu wake. Chanzo hawakukijua. Walidhani ni homoni fulani iliyokosekana ndani ya korodani zenyewe.

Jibu lilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia, kupitia paka. Mwaka 1949 huko Kanada, Murray Barr na mwanafunzi wake Ewart Bertram walikuwa wakichunguza seli za neva za paka kwa darubini. Waliona kidoa cheusi ndani ya kiini cha seli. Kilikuwapo kwa paka majike, kwa madume hakikuwapo. Kidoa hicho kilikuja kueleweka kuwa ni X moja iliyojikunja na kuzimwa, kwa kuwa mwili wa kike wenye X mbili huhitaji moja tu iwe kazini. Mwaka 1956 watafiti walikitafuta kwa wanaume wenye hali ya Klinefelter, wakakikuta. Walikuwa wanaume kamili waliobeba alama iliyodhaniwa kuwa ya wanawake peke yao.

Mwaka huo huo Joe Hin Tjio na Albert Levan, waliofanya kazi Lund nchini Sweden, walitangaza kwamba binadamu ana kromosomu 46. Kabla ya hapo vitabu vilifundisha kwamba ni 48. Njia ya kuhesabu ikawa imepatikana, na mwaka 1959 mjini Edinburgh, Patricia Jacobs na John Strong walichukua uboho wa mgonjwa mmoja wa Klinefelter, wakazihesabu kromosomu zake moja moja. Zilikuwa 47. Miaka 17 baada ya makala ya Boston, chanzo kikajulikana.

Anayetaka kuona X ya ziada kwa macho yake hahitaji darubini. Atembee vichochoro vya Lamu, ambako kila kibaraza kina paka wake, awatazame wale wenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa kwenye ngozi moja. Karibu wote ni majike. Rangi ya chungwa ya paka imebebwa na kromosomu X, na jike mwenye X mbili huzima moja katika kila seli angali kiinitete, hapa hii, pale ile, ndipo mabaka yanapotokea. Jambo hilo la kuzimwa lilielezwa na Mary Lyon wa Uingereza mwaka 1961. Dume ana X moja, kwa hiyo huwa mweusi au wa chungwa. Mara chache sana huzaliwa dume mwenye rangi zote mbili, na kwa kawaida huyo ni XXY, na hazai.

Swali ambalo msomaji makini atauliza ni hili: kama X ya pili imezimwa, madhara yanatoka wapi? Yanatoka kwenye jeni ambazo hazikubali kuzimwa. Takriban asilimia 15 ya jeni za X iliyozimwa huendelea kufanya kazi. Mojawapo inahusika na urefu wa mifupa. Mwanamume wa kawaida ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kwenye X na nyingine kwenye Y, mwenye XXY ana tatu, na ndiyo maana wengi wao ni warefu, hasa wa miguu.

Kromosomu hiyo ya ziada huingiaje? Yai au mbegu inapotengenezwa, kromosomu hutakiwa kuachana, kila moja iende upande wake. Wakati mwingine hung'ang'aniana. Yai hubaki na X mbili, au mbegu huondoka na X na Y pamoja. Kosa hilo hutokea kwa baba karibu sawa na kwa mama, nusu kwa nusu, ingawa kwa mama uwezekano huongezeka kidogo umri unaposogea. Halirithiwi katika ukoo. Halikuletwa na chakula, laana, jicho la mtu wala dhambi ya ujana. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wazazi wanaoambiwa habari hizi hujitafuta makosa usiku kucha, na hakuna hata moja watakaloliona kwa kuwa halipo.

Mtoto huzaliwa akiwa mvulana kama wavulana wengine. Anaweza kuchelewa kusema. Shuleni kusoma kunaweza kumpa taabu. Wengi ni wapole, wenye haya, wanaochoka mapema uwanjani. Hayo yote mwalimu huyaita uvivu na mzazi huyaita tabia. Jando hupita na hakuna anayeona lolote, kwa kuwa korodani za wavulana wote wa umri huo ni ndogo. Ni wakati wa balehe ndipo njia zinapoachana. Korodani huanza kukua kama za wenzake, kisha husita, husinyaa na kuwa ngumu. Za mtu mzima huwa na ujazo wa mililita 15 hadi 25. Zake ni nadra kupita 4.

Baadhi huota matiti, na hapo huanza kukwepa kuoga mtoni na wenzao, kukwepa kucheza mpira vifua wazi, kuvaa fulana mbili juani. Baadhi ndevu huchelewa au hazijai. Lakini wengine hawana dalili yoyote ya nje. Sauti imekomaa, kifua kipana, kazi nzito wanafanya, na tendo la ndoa wanaliweza. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo katika jamii zetu. Mwanamume anayeliweza tendo la ndoa hujiona amekamilika, jamii humwona amekamilika, na ikitajwa habari ya kupimwa mbegu huona ametukanwa. Uwezo wa tendo na uwezo wa kuzaa ni vitu viwili tofauti mwilini, vinavyotegemea seli tofauti ndani ya korodani ile ile, na kimoja kinaweza kuwapo bila kingine.

Denmark ndiyo nchi iliyolihesabu jambo hili kwa uangalifu kuliko nyingine. Katika mji wa Aarhus, kati ya miaka ya 1960 na 1980, watoto karibu 35,000 walipimwa kromosomu walipozaliwa, na kutokana na vipimo vya namna hiyo ikajulikana kwamba mvulana 1 kati ya takriban 660 huzaliwa na XXY. Mwaka 2003, Anders Bojesen, Svend Juul na Claus Gravholt walilinganisha kiwango hicho na daftari la taifa la waliowahi kugunduliwa. Walikuta ni robo tu. Chini ya asilimia 10 ndio waliojulikana kabla ya balehe. Kumbuka hiyo ni Denmark, nchi ambayo kila raia ana daktari wake na kila kipimo cha kromosomu huandikwa kwenye daftari moja.

Tulete hesabu hiyo nyumbani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania wa kiume zaidi ya milioni 30. Kwa kiwango cha Denmark, zaidi ya 45,000 kati yao wana XXY. Kenya ilihesabu wanaume na wavulana zaidi ya milioni 23.5 mwaka 2019, sawa na watu zaidi ya 35,000 wa hali hii. Hao wanajaza uwanja wa mpira. Wanalima, wanaendesha bodaboda, wanafundisha, wanaswalisha, wanaimba kwaya. Ni wangapi waliowahi kuambiwa?

Mfumo wetu wa afya umejengwa kwa namna inayowapita pembeni. Mvulana hupimwa uzito na kuchanjwa katika kliniki ya mama na mtoto, kadi yake ikaisha akiwa na miaka 5. Baada ya hapo hana miadi na mtu. Msichana angalau atarudi akiwa mjamzito. Mvulana atarudi akivunjika mguu au akipata malaria, na anayemtibu malaria hana sababu ya kumwambia ashushe suruali. Miaka ya 14 hadi 16, ambayo jicho la daktari lingeona kila kitu, ndiyo miaka ambayo hakuna daktari anayemwona.

Na kinachohitajika hapo ni kidogo mno. Kuna kifaa kilichobuniwa na daktari Andrea Prader wa Zurich mwaka 1966, ambacho hakitumii umeme wala kemikali. Ni uzi uliotungwa punje 12 za mbao au plastiki zenye umbo la yai, kila moja imeandikwa namba yake: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10, 12, 15, 20, 25. Namba ni mililita. Daktari hushika korodani kwa mkono mmoja na uzi kwa mkono wa pili, akipapasa punje mpaka apate inayolingana. Haichukui hata dakika moja. Mwanamume mzima akilingana na punje ya 3 au ya 4, daktari anajua pa kuelekea. Hata asiye na uzi huo anaweza kutambua kwa vidole, alimradi awe amemgusa mgonjwa. Inaniuma kwamba mke anaweza kufanyiwa upasuaji wa uvimbe ambao haukuwa ndio kizuizi, kabla mumewe hajafanyiwa uchunguzi huo usiogharimu chochote.

Kisha hufuata kipimo cha shahawa, ambacho hospitali nyingi kubwa zinacho, na vipimo vya homoni. Uthibitisho wa mwisho ni kuzihesabu kromosomu. Maabara zinazofanya hivyo Afrika Mashariki ni chache, na mara nyingi damu husafirishwa nje ya nchi. Kazi yenyewe inavutia. Seli nyeupe za damu huwekwa kwenye chupa yenye virutubisho na kutiwa dondoo la maharage mekundu, kitu ambacho Peter Nowell wa Philadelphia aligundua mwaka 1960 kwamba huziamsha zianze kugawanyika. Baada ya siku kama tatu husimamishwa katikati ya kugawanyika kwao, wakati kromosomu zimejikusanya na zinaonekana. Hupakwa rangi, hupigwa picha, hupangwa jozi kwa jozi kuanzia kubwa hadi ndogo. Mwisho wa karatasi hukaa zile za jinsia, na hapo ndipo zinapoonekana tatu badala ya mbili. Baadhi ya wanaume huwa na seli mchanganyiko, nyingine za kromosomu 46 na nyingine 47, na hao mara nyingi dalili zao huwa nyepesi.

Kuna jambo moja ambalo lazima wanaohusika na vipimo hivi walijue, nalo ni jinsi majibu ya kromosomu yanavyoweza kumharibia mtu jina. Ndugu wa karibu wa hali hii ni XYY, yaani Y ndiyo iliyozidi. Mwaka 1965 timu ya Jacobs iliwapima wagonjwa katika hospitali ya ulinzi mkali ya Carstairs, Scotland, ikakuta wenye XYY wengi kuliko ilivyotarajiwa. Magazeti yakadaka. Ikazuka imani kwamba kuna kromosomu ya uhalifu. Richard Speck, aliyewaua wasichana 8 wa uuguzi mjini Chicago mwaka 1966, akaandikwa kuwa ni XYY, na vitabu vya shule vikalibeba dai hilo. Alipopimwa alikuwa XY, kama wanaume wengine. Mwaka 1976 watafiti waliowapima wanaume warefu 4,139 waliozaliwa Copenhagen walipata wenye XYY 12 na wenye XXY 16. Hawakuona ushahidi kwamba wenye kromosomu ya ziada ni wakatili. Lakini kufikia wakati huo kulikuwa na watoto waliokuwa wamekua chini ya macho ya watu wanaosubiri wawe wauaji.

Kwetu hatari ya jina baya ina sura nyingine. Kijana mwenye XXY ataitwa hanithi, ataitwa mwanamume nusu, ataambiwa ni mwanamke aliyejificha. Huo si ukweli. Y moja inatosha kuujenga mwili wa kiume, na walio wengi kabisa wenye XXY hujijua kuwa wanaume tangu utoto mpaka uzee. Karatasi ya majibu ni siri yake na ya daktari wake. Haipaswi kusomwa mbele ya shangazi aliyemsindikiza.

Tiba ipo, na ni ya zamani. Upungufu wa testosteroni hujazwa kwa sindano ya kila wiki mbili hadi nne, kwa sindano ya muda mrefu inayodumu takriban miezi mitatu, au kwa jeli ya kupaka kila siku. Ikianzwa wakati wa balehe kwa kijana ambaye homoni zake zimepungua, misuli hujaa, ndevu huota na mifupa hupata nguvu. Matiti yaliyokwisha kuota kwa kawaida hayaondoki kwa dawa. Kwa anayesumbuliwa nayo, huondolewa kwa upasuaji. Mtoto aliyechelewa kusema hufaidika zaidi na mtaalamu wa matamshi na mwalimu mvumilivu kuliko na sindano yoyote.

Testosteroni hairudishi mbegu. Tena huzima hata kidogo kilichobaki, kwa hiyo anayetaka mtoto aonane na bingwa kabla ya kuanza dawa. (Vijana wanaojidunga homoni hii kwenye majumba ya kunyanyulia vyuma, wenye kromosomu zao 46 salama, nao wanajizimia mbegu kwa njia hiyo hiyo, na hakuna anayewaambia.)

Kwa miaka mingi neno la madaktari lilikuwa moja: hutapata mtoto wa damu yako. Lilibadilika miaka ya 1990. Kwanza Brussels ilianzisha njia ya kuchukua mbegu moja na kuiingiza ndani ya yai kwa sindano, na mimba za kwanza za njia hiyo zilitangazwa mwaka 1992. Kisha Peter Schlegel wa New York alionyesha mwaka 1999 jinsi ya kuipasua korodani chini ya darubini na kutafuta vijifereji vichache vilivyo hai katikati ya vilivyokufa. Katika mikono yenye uzoefu, mbegu hupatikana kwa takriban nusu ya wenye XXY wanaofanyiwa hivyo, na watoto wanaozaliwa, wengi wao kabisa, wana kromosomu zao 46. Huku kwetu upandikizaji wa mimba si mgeni: Kampala walipata mtoto wa kwanza mwaka 2004 na Nairobi mwaka 2006. Upasuaji wa darubini wa aina hii bado ni adimu, na gharama yake inawashinda wengi. Wapo wanaochagua kulea mtoto asiye wa damu yao, na sioni kwa nini uamuzi huo usemwe kwa sauti ya chini.

Lakini kasoro inayonikera zaidi hutokea baada ya majibu. Mwanamume huambiwa "huna mbegu", hushukuriwa kwa kuja, faili hufungwa. Yeye alikuja kutafuta mtoto, na asiyepata mtoto huonekana hana tena alichobakiza hospitalini. Wakati huo mifupa yake inapungua uzito bila maumivu, mpaka avunjike nyonga akiwa na miaka 50. Uwezekano wa kisukari umepanda, na wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu pia. Saratani ya matiti, ingawa bado ni nadra kwake, humpata mara nyingi zaidi kuliko wanaume wengine, na uvimbe kifuani mwa mwanamume ni nani ataufikiria? Mtu huyu anahitaji kupimwa sukari na kiwango cha testosteroni, kupimwa mifupa penye mashine, kuonyeshwa namna ya kujipapasa matiti, na kupewa tarehe ya kurudi. Hayo yote anayahitaji awe na watoto watano wa kulea au asiwe na hata mmoja.